TAHADHARI TANGA: anayepita na kipimo cha unyevu na "dawa ya fangasi ya ukuta"

Ndugu zangu wa Tanga mjini, hasa mlio Sahare, Raskazone na Chumbageni karibu na bahari, someni kabla hamjatoa hela. Kuna kijana anapita nyumba kwa nyumba na kipimo chenye sindano mbili na madumu ya lita 5. Nadhifu, maneno matamu. Anauza dawa ya fangasi ya ukuta. Mimi kaniliza laki nne na themanini.

Banda langu la gari ndimo ninamoweka na marobota ya mitumba. Masika haya ukuta wa nyuma ulivimba lipu kwa chini, rangi ikabanduka kama magamba, unga mweupe ukaota, na robota la chini likaanza kunuka uvundo. Kwa hiyo alipogonga geti nikaona Mungu kaniletea. Akachomeka sindano ukutani, kipimo kikalia, taa nyekundu ikawaka. "Mama, ukuta umeoza kwa ndani huu. Ukichelewa unakudondokea gari." Nikatoa nusu palepale, nusu kwa simu jioni.

Alitoboa matundu kwa drili usawa wa kifua, akamimina maji yake meupe kama maziwa, akapaka rangi ya mafuta juu, akaondoka. Mabaki ya dumuni niliyamwaga kwenye sahani: yalikauka yakawa ngozi inayovutika, harufu ya gundi ya mbao. Sisemi ni gundi, nasema nilichokiona na kukinusa. Wiki tatu baadaye rangi ilijaa malengelenge, ukipasua moja maji yanachuruzika. Namba haipatikani. Mji wetu unasifika kwa "waja leo waondoka leo". Huyu kaifuata neno kwa neno.

Nikamwita mzee jirani, mwashi wa siku nyingi. Hakuja na kipimo chochote. Alizunguka nyuma ya banda, akacheka. Kifusi cha shimo la choo tulichochimba mwaka juzi tulikilundika pale ukutani, kimepita usawa wa sakafu ya ndani kwa futi nzima, na bati la banda halina gata, mvua yote inashukia hapohapo. "Mwanangu, ukuta umeuvika kanzu mbichi, utakaukaje?"

Sasa kile kipimo, maana ndicho kilichonimaliza. Sindano zile hupima jinsi umeme unavyopita kati yake, na vipimo vya aina hiyo vimelengwa hasa kwa mbao. Kwenye ukuta, chumvi ikichanganyika na unyevu kidogo tu inapitisha umeme, basi kinalia kama vile ukuta umelowa chapachapa. Na kuta za pwani zina chumvi, iwe ya mchanga uliojengea au iliyopanda na maji ya ardhini. Chumvi yenyewe huanza kuvuta maji ya hewani unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, ndiyo maana masika hata kikopo cha chumvi jikoni kinalowa. Kijana wangu wa darasa la tatu alikishika kile kipimo akajichomea kiganjani, kikalia vilevile. Nikamfukuza, acha utoto! Kumbe fundi alikuwa yeye.

Mzee alinipa kipimo cha bure. Nailoni ya futi moja na nusu kila upande, ibandike sakafuni, ziba kingo zote kwa solotepu, iache kutwa kucha. Maji yakijikusanya chini ya nailoni, yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu yake, ni jasho la hewa, hapo fungua madirisha au weka tofali za matundu. Yangu ilikuwa kavu chini na juu. Sakafu haina kosa, kesi ni ya ukuta na kile kifusi.

Tumeondoa kifusi mpaka ardhi ikawa inchi 6 chini ya sakafu, tukaipa mteremko wa kutoka ukutani, tukafunga gata. Vibarua na gata havikufika hata nusu ya alizokula yule. Rangi ya mafuta na lipu mbovu tumezibandua zote, chumvi tunaifagia kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Lipu mpya bado. Mafundi hukadiria ukuta unakauka kama inchi moja kwa mwezi, na tofali zangu ni za inchi 6. Marobota yamehamia sebuleni, mume wangu ananuna, nimemwambia avumilie.

Dawa za kweli za kuzuia maji yanayopanda zipo, ila zinaingizwa chini kabisa, kwenye mstari wa udongo wa saruji juu kidogo ya ardhi ya nje. Kifuani zinazuia nini? Na dumu lake halikuwa na lebo, risiti yake ya mkono haikuwa na TIN (namba ya mlipakodi), achilia mbali EFD (risiti ya mashine).

Nimeripoti polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Wiki iliyopita yule kijana kaonekana Mikanjuni. Tuliolizwa tumeshafahamiana watatu. Kama na wewe umo, nitafute, na tafadhali dumu lako usilitupe.