Maboksi ya makapi ya miwa na glasi za mahindi: uzoefu wangu

Napikia watu wa maofisini hapa Dar es Salaam, na oda nyingi ni za kubeba. Katazo la Juni 2019 liliondoa mifuko ya rambo, lakini vile vyombo vyeupe vya povu bado vimejaa kila mtaro. Nikaamua kujaribu vinavyotokana na mimea.

Maboksi ya makapi ya miwa, yale yanayobaki kiwandani miwa ikishakamuliwa, nimeyapenda. Pilau la moto linaingia bila wasiwasi, na chipsi hazilegei haraka kwa sababu mvuke unapata pa kutokea. Maharage yenye rojo ndiyo yanayoyashinda: mteja akiyaweka hadi jioni, kitako kinalainika. Mfuniko nao haubani sawasawa, kwa hiyo bodaboda namwambia abebe wima. Muulize muuzaji kama yana PFAS, kemikali za kuzuia mafuta ambazo haziozi. Mengine huwa nazo. Wa kwangu alinionyesha kwenye katoni kwamba hazimo.

Glasi ni za PLA, plastiki ya wanga wa mahindi. Juisi ya ukwaju yenye barafu inapendeza mno humo, huwezi kuitofautisha na glasi ya kawaida. Chai usithubutu: joto likikaribia nyuzi 60 zinajikunja.

Shida yangu na glasi hizi ni neno la muuzaji: “Dada, hizi ukifukia tu zinakuwa mbolea.” Nilizitupa pamoja na maboksi kwenye shimo la maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Masika ilipopita, maboksi yalibaki vipande vya kuokoteza. Glasi zilitoka nzima, ungezisuuza ungeweza kunywea! PLA inataka joto la karibu nyuzi 58, unyevu na vijidudu, kwa wiki nyingi mfululizo, yaani mtambo maalumu wa mboji. Alama ya EN 13432 kwenye pakiti, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, inapima kuoza kwa mazingira hayo, si ya shimo la uani kwangu. Na glasi ikiangukia mtaroni, maji ya mvua hayaulizi imetokana na mahindi au mafuta ya petroli.

Maboksi nayapa nyota 4. Ni ghali kuliko povu, nikapandisha sahani kidogo, wachache wakanuna wakazoea. Glasi nyota 2, tena kwa sura tu. Juisi sasa inanyweka hapahapa kwenye glasi za kioo, au mteja anakuja na chupa yake.