Mimea ya jikoni isiyosumbua: ipi ya kununua kwanza

Mimea mingi ya jikoni haifi kwa kiu, hufa kwa kuzidishiwa maji. Bomba liko pale pale, na ukibakiza maji kwenye glasi unaona heri uyamimine kwenye chungu kuliko kuyamwaga. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa na mtoto anaongeza ya kwake. Majani yakianza kuwa ya manjano, watu hudhani mmea una kiu, wanaongeza tena. Kwa hiyo mimi uzuri wa majani huuangalia mwisho. Kwanza najiuliza: utastahimili makosa yetu ya maji? Utastahimili mvuke na mafuta ya kukaangia? Na mtoto au paka akitafuna jani, itakuwaje?

Kwa vigezo hivyo, nafasi ya kwanza naipa klorofitamu, ule mmea wa majani membamba yenye mstari mweupe katikati, unaoning'iniza vitoto vyake kwenye vikonyo virefu. Hauna sumu kwa binadamu, paka wala mbwa. Mizizi yake minene huhifadhi maji, kwa hiyo ukisahau kuumwagilia wiki moja au zaidi hauleti shida. Mwanga wa kawaida wa dirishani unautosha, ila jua kali la mchana huunguza majani. Kasoro yake ni ncha kukauka na kuwa za kahawia, mara nyingi kwa sababu ya chumvi na floraidi iliyomo kwenye maji ya bomba. Zikate kwa mkasi, na ukipata maji ya mvua uyatumie hayo. Kitoto kimoja ukikitia kwenye glasi ya maji kitatoa mizizi baada ya siku chache, kwa hiyo ukinunua chungu kimoja huna haja ya kununua kingine.

Wa pili ni pothosi, mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo. Naupenda kwa sababu husema wenyewe: ukikosa maji hulegea wote, ukiumwagilia, baada ya saa chache umesimama. Majani yake mapana hupanguseka kirahisi, na jikoni hilo ni jambo kubwa. Jaribu kupitisha kitambaa chenye unyevu kwenye jani lililokaa wiki mbili karibu na jiko. Kitambaa kitatoka na utando wa kahawia unaonata, na jani litang'aa kana kwamba ni jingine. Utando huo ni mafuta na vumbi, na huuzuilia mmea mwanga. Lakini pothosi una fuwele za kalsiamu oksalati, zinazochoma mdomo na koo ukitafunwa. Uweke rafu ya juu, mbali na watoto na wanyama, au usiununue kabisa.

Kwa kona yenye giza, chukua zamiokulka. Asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, na chini ya udongo una viazi vinavyotunza maji kwa ajili ya kiangazi. Mwagilia udongo ukikauka kabisa tu, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Nimeuweka wa tatu kwa sababu ya lile bomba: ukimwagiliwa kila siku, viazi huoza upesi. Nao una fuwele zilezile. Hukua polepole sana, kwa hiyo nunua wa kimo unachokitaka tangu mwanzo.

Alovera ichukue tu kama una dirisha linalopigwa na jua saa kadhaa. Na ukiungua jikoni, kimbilia kwanza maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kabla ya kufikiria ute wake.

Mrehani wa chunguni siuhesabu kati ya mimea isiyosumbua. Mara nyingi huuzwa ukiwa miche mingi iliyobanana, inayonyang'anyana maji na kufa baada ya wiki chache usipoigawa. Ukitaka majani ya kuchuma, anza na mnanaa, katika chungu chake peke yake, maana hutambaa na kuwasonga wenzake.

Muuzaji akikuambia mmea fulani husafisha hewa, usimlipe zaidi kwa hilo. Majaribio ya NASA ya mwaka 1989 yalifanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa, na uchambuzi wa 2019 ulionyesha kwamba nyumbani ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba.

Kabla ya kulipa, omba uutoe mmea chunguni kidogo. Mizizi mizima ni migumu, myeupe au ya rangi ya krimu. Geuza majani, uangalie makutano ya jani na shina: ukiona kama pamba nyeupe, hao ni wadudu waitwao vidung'ata, urudishe. Kisha tazama kitako cha chungu. Niliwahi kununua pothosi mzuri kwenye chungu cha kauri kisicho na tundu. Baada ya mwezi ulikuwa unanuka. Nilipouvuta, ganda la mizizi lilivuka kama soksi mbichi likabaki mkononi, na chini kulikuwa na maji yaliyotuama. Siku hizi kisicho na tundu sikinunui, na kabla ya kumwagilia natia kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, maji ya kwenye glasi nayamwaga sinki.