Kurasa nane za msiba wa Robin: nyota moja, au labda tatu

Nianze na nyota, maana najua wengi mnaishia hapo: moja. Na hiyo moja ni ya kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo mpaka Tabata mvua inamwagika, kitabu kakivalisha koti lake la mvua, yeye mwenyewe kalowa chapachapa, na asiombe hata mia ya juu. Muuzaji simpi kitu. Jina lake pia simtaji, asije akapata wateja kwa mgongo wangu.

Kitabu ni A Death in the Family, mkusanyo wa yale matoleo ya Batman, shujaa wa katuni za Marekani, ya mwaka 1988 ambamo Robin wa pili, Jason Todd, kijana anayemlea kama mwanawe na anayepigana pamoja naye, anauawa. Nimekisaka miaka. Juzi kati nikakiona kwenye status ya jamaa mmoja anayeuza vitabu vya mtumba, nikauliza hali yake, nikajibiwa "kipo fresh dada, kama kipya". Elfu arobaini na tano, usafiri juu yangu. Nikatuma hela kabla sijamaliza kusoma meseji.

Nilikisoma usiku, watoto wamelala. Jason anamtafuta mama yake mzazi, safari inamfikisha Ethiopia kwenye kambi ya wenye njaa, na mama anapatikana: daktari wa misaada, Sheila, mwenye siri zake. Joker, yule adui mkubwa wa Batman, anazijua hizo siri na anazitumia kumbana ili apate madawa ya kambi. Batman anakimbilia malori yaliyobeba sumu badala ya madawa, anamwambia kijana asubiri, asijaribu kitu peke yake. Kijana hasubiri. Anamfunulia mama yake kwamba yeye ndiye Robin, na mama anamkabidhi kwa Joker.

Halafu mtaimbo. Nilikuwa nimesikia habari za mtaimbo huo tangu niko sekondari, nikadhani nimejiandaa. Sikuwa. Na si damu iliyonitesa, maana mchoraji Jim Aparo hakuimwaga kama wanavyoimwaga siku hizi. Ni mama. Mwanawe anapigwa nyuma yake, yeye kageuza uso, anavuta sigara. Nilikiangalia kile kisanduku cha sigara mpaka chai ikapoa. Mimi ni mama. Nikaenda kuwafunika watoto mashuka, wakati joto la Dar mnalijua.

Nikarudi. Bomu linahesabu, mlango umefungwa, mtoto kavunjikavunjika anajikokota amtoe yule yule mama aliyemuuza. Mlipuko. Nikafungua ukurasa.

Makaburi.

Nikarudi nyuma, nikalamba kidole nikidhani kurasa zimegandana. Wapi. Karatasi nne zimechomolewa, ukipitisha ukucha kwenye mshono unagusa vinyoya vilivyobaki. Kurasa nane. Yaani pale Batman anapofukua kifusi, pale mama anapotaja kwa pumzi ya mwisho kwamba mtoto alimkinga kwa mwili wake, pale mtoto anapobebwa akiwa maiti, ndipo pasipokuwepo. Mtu amechana msiba wenyewe akaniachia hotuba ya mazishi.

Asubuhi nikaandika kwa adabu: "Kaka, habari. Kitabu hakijakamilika, baada ya bomu kuna karatasi nne hazipo."

Jibu: "Dada si anakufa tu hapo. Shida nini?"

Nikalisoma mara tatu. Nikaandika: "Mimi nimenunua kitabu, sijanunua taarifa ya kifo."

"Sasa dada yangu mtu mzima unalilia katuni 😂 Halafu usijali, huyo anarudi."

Mtu mzima kaniona kwenye picha ya profaili, niko na binti yangu kwenye mahafali ya darasa la saba. Nikampigia, hakupokea. Nikatuma sauti ya dakika tatu (nakiri, mle ndani nililia kidogo), ikapigwa tiki za bluu na kimya. Siku nne.

Nendeni kwenye msiba wowote hapa mjini, mkae kwenye mkeka, halafu mtu amwambie mfiwa "shida nini". Atatoka na kandambili moja.

Kilichoniuma ni kwamba kuhusu kurudi anasema kweli. Jason alirudi mwaka 2005, kavaa kofia nyekundu, na maelezo waliyotoa ni kwamba kuna kijana wa nguvu za ajabu aliyepiga ngumi ukuta wa ulimwengu, mambo yakabadilika, marehemu akaamka kaburini. Ngumi! Sisi tuliokua na katuni zetu za Madenge na Ndumilakuwili tulizoea mtu anachapwa leo, toleo lijalo yuko palepale na ujanja mwingine, lakini hakuna aliyetuuzia jeneza lake kwanza. Hawa Wamarekani wanakuuzia jeneza, wanakuuzia tanga, halafu wanakuuzia na ufufuko. Superman walimuua mwishoni mwa 1992, toleo likauzwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha kufunga mkononi, watu wakapanga foleni Marekani nzima, na mwaka uliofuata jamaa yuko angani anapaa. Kamala Khan, yule shujaa binti Muislamu wa New Jersey, walimuua mwaka 2023 tena ndani ya kitabu cha Spider-Man, kisicho hata chake. Wasomaji hawajamaliza kukasirika, karudishwa mwaka huohuo.

Na wanawake ndio kabisa. Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, tangu auawe 1973 hajapumzika. Mchumba wa shujaa mwingine, Green Lantern, aliuawa mwaka 1994 akatiwa ndani ya jokofu ili bwana apate hasira za kupigania, mpaka mtunzi wa katuni Gail Simone akaanza kuwaorodhesha wanawake wa namna hiyo mwaka 1999, na ile orodha ilikuwa ndefu. Sheila wa kwenye kitabu changu naye hajaletwa kuishi. Kaletwa kuvuta sigara na kufa. Lakini Sheila simtetei, nisije nikajichanganya.

Sasa jambo ambalo muuzaji yule halijui, maana angelijua asingetia kikaragosi cha kucheka. Yule mtoto hakuuawa na mtunzi. Jim Starlin aliandika, ndiyo, lakini mhariri Dennis O'Neil aliwapa wasomaji namba mbili za simu, senti 50 kwa kila simu: hii aishi, hii afe. Siku moja na nusu, Septemba 1988. Kurasa zikachorwa za njia zote mbili, zikakaa kusubiri. Waliotaka aishi, 5,271. Waliotaka afe, 5,343. Tofauti ni simu 72. O'Neil mwenyewe baadaye alisimulia alichosikia, kwamba kuna mtu aliiwekea kompyuta yake ipige yenyewe namba ya kifo saa kadhaa. Sijui kama nicheke. Abiria wa daladala moja ya Mbagala asubuhi, wamekaa na wamesimama, wanakaribia 72, na ndio waliomzika mtoto.

Kwa hiyo zile kurasa nane zilizochanwa ndizo kura yenyewe! Ndipo palipokuwa na njia panda. Kitabu kizima ningeweza kusamehe wangechana popote: wangechana ule upuuzi wa mwisho ambapo Joker anafanywa balozi wa Iran Umoja wa Mataifa, ningemshukuru aliyechana. Lakini hapana, wakachana pale pale.

Na hapa niseme kitu ambacho kitaharibu kesi yangu. Ningekuwa Marekani 1988 na senti 50 mkononi, ningempigia simu ya kifo. Jason alikuwa anaudhi. Mjeuri, mwepesi wa ngumi, hasikii la mkubwa. Kurasa zote za mwanzo nilikuwa namsonya. Mtaimbo ulipoanza ndipo nikajikuta nasema "jamani, basi", kama vile nimo kwenye kile chumba na nilichangia. Nadhani waliopiga zile 5,343 wengi hawakutaka mtoto afe. Walitaka kuona kama kweli wale watu watathubutu. Walipothubutu, wakapiga simu nyingine, za matusi.

La Ethiopia pia sijalimeza. Njaa ya 1984 na 1985 watu walikuwa bado hawajaizika vizuri, tayari imegeuzwa jukwaa la mzungu mmoja kumuua mtoto wa kizungu mbele ya mama wa kizungu. Wenyeji wapo nyuma nyuma huko, kwenye foleni ya chakula. Lakini tena ni kwa ajili ya foleni hiyohiyo Batman alimwacha mwanawe peke yake, na hilo ndilo linalomla mpaka mwisho. Kwa hiyo sijui. Nyota mbili kwa kitabu, naona. Muuzaji bado sifuri.

Siku ya tano, saa sita usiku, umeme umekatika, simu ikaanza kutetemeka. Picha. Moja, mbili, nne, saba. Jamaa kaenda kuazima kwa mtu nakala nyingine, kapiga picha zile kurasa nane kwa tochi, kidole gumba chake kimefunika pembe ya kila ukurasa, na kazituma shaghalabaghala: mtoto kabebwa kabla hajapatikana, mama kafa kisha anaongea. Nilizipanga mwenyewe gizani. Batman anafukua kwa mikono, anajua, na anaendelea kufukua. Nikafikia pale anapombeba.

Nilikaa na ile picha mpaka mwanga wa simu ukajizima. Gumba limo humohumo, lina kovu kwenye ukucha.

Meseji ikafuata: "Samahani dada. Nilikuwa sijawahi kukisoma."

Nimepandisha hadi tatu. Nne nilikuwa tayari kutoa, nikakumbuka elfu arobaini na tano na kile kikaragosi. Hela hajarudisha, na mimi sijadai tena, sijui kwa nini.

Juzi kanitumia bei ya Superman wa 1992, ule wa mfuko mweusi, ambao haujawahi kufunguliwa. Nikamuuliza kama kurasa zote zimo.

"Dada, nikifungua si nitakuwa nimeuharibu."

Nimemwambia anipunguzie elfu kumi.