Mashine ya tansio kutoka Kadutu, baada ya muhula mmoja wa staji

Nina miaka 46 na nimerudi shule. Nilikuwa muuguzi A2, yaani wa diploma ya sekondari, nikaacha kazi nilipozaa mtoto wa tatu, nikauza sambaza, wale samaki wadogo, miaka kumi na moja. Sasa natafuta A1, ngazi ya chuo. Promosheni yetu, yaani darasa letu, imejaa watoto wa rika la binti yangu. Sisi wamama tuko saba, tunakaa safu ya mbele kwa sababu ya macho.

Kwa staji, yaani mazoezi ya hospitali, kila mwanafunzi anakuja na mashine yake ya tansio, ya kupimia shinikizo la damu, na stetoskopu. Nilinunua zangu kwenye duka dogo la vifaa vya hospitali, karibu na soko la Kadutu, Bukavu. Nilichagua ile ya saa (duara lenye mshale na namba) na pira ya kupandishia hewa kwa mkono, maana mwalimu anataka tusikie mapigo kwa masikio yetu wenyewe. Muuzaji alianzia dola 25, tukamalizia 18.

Saa yake ni nzuri sana. Kabla ya kulipa niliangalia kama mshale unarudi kwenye sifuri, kwa sababu ukigoma juu ya sifuri, kila kipimo kitakuwa uongo. Ulirudi. Nikapandisha hadi 200, nikaacha: haukuteremka. Skrubu ya pira inalegea polepole, unashusha milimita mbili au tatu kwa sekunde bila kuhangaika, na namba ninazisoma bila miwani.

Shida ni mkanda, ule unaofungwa mkononi. Umeshonwa kwa ajili ya mkono wa kijana mwembamba. Siku ya kwanza nilimpima mwenzangu, mama mwenye mikono ya mtu aliyetwanga sombe maisha yake yote. Mara mbili mkanda ulibanduka katikati ya kupandisha. Mara ya tatu ukashika: 15 kwa 10, yaani 150 kwa 100 kwenye saa. Akanyamaza kabisa. Tukaazima mkanda mpana wa wodi, ikawa 13 kwa 8. Alikuwa ameshaanza kuaga chumvi, maskini. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unapaswa kuzunguka kama asilimia 80 ya mkono; ukiwa mfupi, tansio inapanda kwenye saa wakati mwilini haijapanda, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa isiyo yake.

Nilirudi dukani kulalamika. Papa muuzaji akaushika mkanda, akanitazama: “Mama, mkanda hauna kosa. Mikono ndiyo mikubwa.” Tulicheka, lakini sikuondoka. Aliagiza mpana, ukachukua wiki mbili, nikalipa dola 6 nyingine. Ukijumlisha ni 24, karibu kabisa na bei yake ya kwanza. Mtu huyu anajua kazi.

Stetoskopu ni ya kawaida tu. Kwa mtu mzima inatosha. Vipande vya masikioni ni vigumu, baada ya saa mbili vinauma.

Kama unakwenda kununua, nenda na mtu mwenye mkono mnene, avalishwe mkanda palepale, upandishe hadi 180 kabla hujatoa pesa.

Siku nilipochukua mkanda mpana, papa alikunja shati, akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya kaunta. 16 kwa 10. Nikamtuma kwa daktari, akaenda. Sasa kila Jumamosi nampima, bure. Juzi ilikuwa 14 kwa 9. Mkanda mpana bado anauuza dola 6.