Bracero na H-2A, ipi ilikuwa afadhali kwa kibarua?

Watu wanauliza kama viza ya H-2A ya Marekani, ile ya vibarua wa msimu wa mashambani kutoka nje, ni ile ile Bracero, mpango wa zamani wa kupeleka vibarua wa Mexico Marekani, imebadilishwa jina tu. Mi naona hapana, ila ni ndugu wa tumbo moja.

Bracero ilianza 1942 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani na ya Mexico zikaandikiana mkataba zenyewe, na mpaka inafungwa mwisho wa 1964 mikataba kama milioni 4.6 ilishasainiwa. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana, chakula, malazi, mshahara wa kueleweka. Lakini jamaa akifika mpakani anavuliwa nguo anapuliziwa DDT, dawa ya kuua wadudu, mwilini kama mdudu, halafu shambani anapewa jembe la mpini mfupi, anainama kutwa nzima mpaka mgongo unakataa kunyooka. Na ile asilimia 10 waliyokatwa mishahara miaka ya mwanzo eti akiba, wengi hawakuiona mpaka wanazeeka. Hiyo inaniuma kweli.

H-2A ya 1986 haina mkataba wa nchi na nchi, tajiri anaomba watu mwenyewe. Nyumba bure, nauli, na lazima akupe robo tatu ya saa alizoahidi, ahadi ambazo hata Bracero ilikuwa nazo kwenye karatasi. Shida viza imefungwa kwa tajiri mmoja, ukigombana naye mara nyingi unarudi kwenu, labda upate haraka tajiri mwingine wa kukuombea, na wengi washakopa kumlipa dalali japo sheria inakataza, sasa utafungua mdomo saa ngapi?

Mi ningechagua H-2A, ila mtu aweze kuhama shamba kirahisi.