Kozi ya kuongoza idara ya wahifadhi: kazi za sanaa zimepewa wiki tisa, watu wiki moja

Kozi ninayoitathmini hapa huchukua wiki 10, hutolewa kwa njia ya mtandao, na imekusudiwa kwa wanaoongoza au wanaojiandaa kuongoza idara ya wahifadhi, yaani wanaochagua, kutafiti na kuonyesha kazi, katika makumbusho ya sanaa. Taasisi inayoitoa siitaji, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ni lawama na walimu wake wanajulikana na wengi katika fani hii. Nilijiandikisha nikiwa na miaka miwili katika cheo hicho. Kabla yake nilikuwa mhifadhi wa michoro na chapa kwa muda mrefu, na kama ilivyo kwa wengi, nilipandishwa kwa sababu ya ujuzi ambao cheo kipya hakiutumii sana: uwezo wa kukaa na karatasi moja ya kale hadi ikaeleza ilikotoka.

Wiki tatu za mwanzo zinahusu upataji wa kazi mpya na historia ya umiliki, na hizo ndizo zinazostahili ada yote. Mwalimu hakuanza na kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho wala na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, ingawa vyote viwili vilifuata baadaye. Alianza na jeneza la dhahabu la kuhani Nedjemankh, ambalo Metropolitan Museum of Art ya New York ililinunua mwaka 2017 kwa takriban dola milioni 4, ikalifanya kitovu cha maonyesho, kisha mwaka 2019 likarudishwa Misri baada ya waendesha mashtaka kuthibitisha kwamba liliporwa mwaka 2011. Hati iliyowaridhisha wanunuzi ilikuwa kibali cha kusafirisha nje chenye tarehe ya Mei 1971, na mwaka huo haukuchaguliwa ovyo, kwani Misri ilikuwa bado inaruhusu biashara ya malikale chini ya vibali hadi sheria ya mwaka 1983 ilipoifunga. Hata hivyo muhuri uliopigwa kwenye hati ulikuwa na jina la Jamhuri ya Kiarabu ya Misri, jina ambalo nchi hiyo ililichukua Septemba 1971, miezi kadhaa baada ya tarehe ya kibali chenyewe.

Kisha akatuuliza swali ambalo bado linanisumbua: katika idara yako, ni nani mwenye haki ya kusema «subirini» wakati mkurugenzi ameshaipenda kazi, bodi imeshaidhinisha fedha, na tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa? Hakuuliza nani mwenye ujuzi wa kuugundua muhuri wa uongo, kwa sababu mjuzi wa aina hiyo aghalabu yupo, tena ni kijana aliyeajiriwa mwaka jana na anayeketi mwisho wa meza. Tulitakiwa kuandika utaratibu wa ukurasa mmoja unaomwezesha kijana huyo kusimamisha ununuzi kwa siku 30 bila kupitia kwa bosi wake. Niliuandika mara nne, na kila mara nilikuta nimejiachia upenyo wa kumpuuza.

Sehemu ya mazingira na uazimishaji ni nzuri, lakini imepewa nafasi kubwa kuliko inavyohitaji. Tulirudia viwango ambavyo kila mhifadhi ameshavishika: mwanga usiozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa karatasi na nguo, lux 200 hivi kwa picha za rangi ya mafuta, na mjadala kati ya wanaoshikilia unyevu wa hewa wa asilimia 50 unaopanda au kushuka kwa 5 tu na wanaokubali upana wa asilimia 40 hadi 60 ili kupunguza umeme unaoliwa na mitambo ya hewa. Mkuu wa idara anapaswa kuuelewa mjadala huo, bila shaka, ila anao wataalamu wa ukarabati wanaoujua kumshinda, na kazi yake ni kuamua nini kifanyike wanapotofautiana na mhifadhi.

Kwa bahati nzuri zoezi la wiki ya sita lilifika hapo hapo. Tuligawiwa nafasi za mhifadhi, mtaalamu wa ukarabati, msajili (anayesimamia kumbukumbu, bima na usafirishaji wa kazi) na mkurugenzi, tukapewa ombi la kuazimisha picha ya kale iliyochorwa juu ya ubao. Mtaalamu anakataa kwa sababu ubao hutanuka na kusinyaa kadiri unyevu unavyobadilika, na rangi iliyo juu yake haiwezi kuufuata. Mhifadhi anataka picha iende kwa sababu makumbusho inayoiomba ndiyo yenye kazi anazozihitaji kwa maonyesho yake ya miaka mitatu ijayo. Msajili anauliza nani atalipa bima tangu picha inapotolewa ukutani hadi itakaporudishwa. Na mkurugenzi, jambo lililotuchekesha kwa kuwa sote tumeshaliona, amekwisha kuahidi. Mwalimu alisikiliza saa nzima bila kuingilia, kisha akatuonyesha kwamba hakuna aliyeuliza picha hiyo iliazimishwa mara ya mwisho lini na ilirudi katika hali gani. Ripoti ya hali ya kazi ilikuwa kwenye jalada tangu mwanzo. Hakuna aliyeifungua.

Mihadhara ya historia ya maonyesho ndiyo iliyonifanya nianze kuona kasoro ya kozi nzima. Tulipitishwa kwa waandaaji watatu mashuhuri: Harald Szeemann na maonyesho yake ya Bern, Uswisi, ya mwaka 1969, kwa Jean-Hubert Martin aliyewakusanya wasanii wa mabara mbalimbali jijini Paris mwaka 1989, na kwa Okwui Enwezor, Mnigeria aliyeongoza mwaka 2002 Documenta 11, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa ya Kassel, Ujerumani. Kila mmoja alielezwa kama nabii: mtu mmoja, wazo moja, ukumbi mmoja uliobadilisha fani. Lakini Enwezor alifanya kazi na wahifadhi wenza sita, na kabla ya maonyesho ya Kassel mradi huo ulikuwa na mijadala katika miji iliyotawanyika kutoka Vienna hadi New Delhi na Lagos. Aligawaje kazi kwa watu sita wenye misimamo yao? Walipogongana, nani alirudi nyuma? Kwa kozi yenye neno «kuongoza» katika jina lake, hilo ndilo lingekuwa somo, nalo lilipitwa kwa sentensi moja.

Watu wenyewe wanafikiwa wiki ya tisa, kwa mhadhara uliorekodiwa ambao ungeweza kutolewa kwa mameneja wa kiwanda cha sabuni bila kubadilishwa hata mfano. Hakuna lililosemwa kuhusu mhifadhi aliyeshughulikia pendekezo la maonyesho kwa miaka minne na ambaye lazima aambiwe kwamba halitafanyika, wala kuhusu yule anayekaribia kustaafu na nusu ya anayoyajua juu ya mkusanyo wake haijaandikwa popote. Halikuguswa pia suala la mkuu wa idara anayeendelea kutamani kuandaa maonyesho yake mwenyewe. Hilo nalisema kwa aibu, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliuchukua ukumbi ambao mwenzangu alikuwa ameshaupangia kazi, nikijiambia kwamba wazo langu lilikuwa limeiva zaidi. Pengine lilikuwa limeiva kweli. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea wazo bichi, na idara isiyoletewa mawazo mabichi huishi kwa kuonyesha upya ilivyonavyo. Bajeti nayo ilipewa saa moja, ilhali maonyesho makubwa huanza kutumia fedha miaka mitatu au zaidi kabla ya kufunguliwa.

Upande wa huduma, rekodi zilisikika vizuri na usomaji ulichaguliwa kwa uangalifu, ingawa ulikuwa mwingi kiasi cha kumshinda mtu aliye kazini. Masahihisho yalichelewa. Zoezi la sera ya makusanyo, ambalo lilinigharimu majuma mawili ya usiku, lilirudi baada ya kozi kwisha, likiwa na maoni mawili tu ya maana. La pili liliuliza kwa nini nimeandika kurasa tano juu ya kuingiza kazi na aya moja juu ya kuziondoa kwenye mkusanyo, wala sikuwa na jibu zaidi ya kwamba kuingiza kunafurahisha.

Taasisi inaruhusu kulipia wiki tatu za mwanzo peke yake, na zoezi la wiki ya sita pia hufanyika kama warsha ya siku moja. Kwa aliye kazini tayari ningeshauri anunue hivyo viwili, kisha ile ada inayobaki aitumie kumlipia nauli mkuu wa idara mwenzake kutoka makumbusho nyingine, wakae siku mbili wakiwa na orodha ya maonyesho waliyoyakataa na majina ya waliowaambia hapana.