Tende za Kariakoo badala ya sukari kwenye keki

Kwa keki isiyo na maziwa, mayai wala asali, tende laini zinazouzwa kwa kupimwa Kariakoo zinaishinda sukari guru, ambayo kiafya ni sukari ileile iliyovaa kanzu nyingine. Chagua zinazobonyea, ngumu huacha vipande hata ukizisaga mara tatu.

Toa kokwa, loweka gramu 200 kwenye mililita 120 za maji moto kwa dakika 20, kisha saga pamoja na maji yake. Penye gramu 100 za sukari weka gramu 150 za rojo hili, na upunguze tui la nazi vijiko vitatu vya chakula. Usipopunguza, keki hubaki mbichi katikati na kudidimia. Oka kwa nyuzi 165 badala ya 180, maana sukari ya tende huungua upesi juu.

Biskuti? Hapana. Hubaki laini, hazikauki zikavunjika. Na mwenye kisukari asidanganyike: nyuzinyuzi zimo, lakini zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Rojo hukaa wiki moja kwenye friji.